Habari ya Msiba Niliyoificha Kambini

Laiti ningelikataa. Kila nikiukumbuka ule mwezi wa Januari, nimekaa juu ya kitanda cha chuma katika kambi ya Wamarekani mashariki mwa Uingereza, barua ya mjomba wa rafiki yangu iko mkononi, hujiambia kwamba kilichotakiwa kwangu kilikuwa kitu kidogo tu: kuinua uso na kumwambia mwenzangu kuwa mama yake amefariki. Niliombwa nisiseme, nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha shule ya sekondari, na nilidhani kukubali ndiyo heshima. Nimeyakumbuka hayo tena wiki iliyopita, jirani mmoja aliponipigia simu kutoka Usagara, hapa hapa Tanga, kuniarifu kwamba yule mwenzangu ametangulia mbele ya haki. Aliugua siku chache, akafariki alfajiri ya Jumatano, akazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Nilikwenda na fimbo yangu, nikasimama safu ya nyuma. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba sitaji watu kwa majina katika safu hii, na marehemu naye hakupenda kutajwatajwa. Watu wa Usagara watamjua tu, maana wengi wao wamekula skonzi zake za mdalasini tangu wakiwa na meno ya utoto.

Tulijuana melini, katika miaka ya hamsini, wakati mkonge ulipokuwa ndio roho ya mji huu. Yeye alikuwa kijana wa Pangani, mtoto wa pekee wa mama mjane, msaidizi wa jikoni. Mimi nilikuwa nikimsaidia karani wa shehena, kazi niliyoipata kwa sababu ya Kiingereza changu cha shule. Tulipofika Uingereza meli iliingizwa kwenye matengenezo yasiyojulikana mwisho wake, nasi tukaambiwa tujitafutie. Msomali mmoja aliyekuwa na nyumba ya kulaza mabaharia karibu na gati ndiye aliyetueleza kwamba Wamarekani wana kambi ya ndege huko mashambani, na wanatafuta watu wa jikoni. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka kumi nyuma, lakini Wamarekani walikuwa hawajaondoka. Walikuwa wamekaa wakitazamana na Mrusi. Tulipanda treni, tukaenda. Yeye alikuwa akiniita Karani tangu melini, na jina hilo nililigharamia hadi mwisho wa safari: kila penye mlango wa kubisha hodi, alinisukuma mbele na kusema, "Nenda wewe, Karani, mimi Kiingereza changu ni cha kuombea chumvi."

Nataka niwaeleze ile kambi, maana vijana wa leo wakisikia kambi ya jeshi hufikiri bunduki na mahandaki tu. Ndege zilikuwapo, na makelele yake yalitikisa vikombe mezani, lakini nyuma ya uwanja wa ndege palikuwa na mji kamili. Nyumba za familia zilipangwa kwa mistari, magari mapana kama kitanda cha arusi yameegeshwa mbele, basi la njano likipita asubuhi kukusanya watoto wa shule. Walikuwa na duka lao, sinema yao, kanisa moja ambalo madhehebu matatu yalilitumia kwa zamu, na kiwanja ambako watoto walicheza ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa gongo, wakicheza hata katika manyunyu ya Kiingereza ambayo wenyeji wenyewe waliyakimbia. Aiskrimu ilikuwapo siku ambazo nje maji yameganda. Mwenzangu alikuwa akisema kwamba watu hawa hawakuhama, wamehamisha nyumba, na bado wanaikumbuka nyumba. Alikuwa akiwaelewa kuliko mimi. Kila aliposikia mwanamke wa Kimarekani akilalamika kwamba unga wa Uingereza si kama wa kwao, alinikonyeza na kusema, "Muulize kama kwao kuna tui."

Mkuu wetu jikoni alikuwa sajenti mmoja mweusi, mtu wa kusini mwa nchi yao, mnene, mwenye sauti ya upole. Aliwahi kutuambia kwamba ndani ya kambi ile anakula meza moja na mzungu, na kwao hawezi kuingia mkahawa wa mzungu kwa mlango wa mbele. Tulipomweleza kwamba sisi hatugusi nguruwe hakucheka. Mimi alinipeleka stoo kuandika mizigo, mwenzangu akampeleka kwenye tanuri la mikate, na huko ndiko mtoto wa Pangani alikojifunza kazi iliyomlisha maisha yake yote.

Oktoba ya mwaka wetu wa kwanza alifanya kosa lililoichekesha kambi nzima. Alipita kwenye zile nyumba za familia akaona maboga yamewekwa ngazini, yametobolewa macho na meno, hayana mtu. Kwetu boga lililotobolewa na kuachwa nje ni boga lililotupwa, na kutupa chakula ni dhambi. Akachukua matatu, akayapika kwa maziwa, sukari na iliki aliyokuwa akiitunza kutoka nyumbani. Jioni wanawake wanne walikuja jikoni na watoto wanaolia. Ilikuwa ni sikukuu yao, na yale maboga ndiyo mapambo ya watoto. Mimi nilitafsiri kwa aibu; yeye akatoa vijiko. Mmoja wa wale wanawake, mwalimu katika shule ya kambi na mke wa fundi wa ndege, alionja, akaonja tena, halafu akakaa chini akacheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku ile mwanamke huyo akawa kama dada yake. Mwenzangu alimpelekea mikate ya kwanza kutoka tanurini, na dada yule akimuuliza habari za mama yake.

Mama ndiye aliyekuwa habari yake kubwa. Alikuwa na maradhi ya miguu, na mwenzangu alikuwa amemnunulia soksi nene za sufu, jozi sita, nikamtania kwamba Pangani nzima itakuja kuzitazama kwa joto lile. Mama hakujua kuandika, wala yeye mwenyewe hakujua herufi za kizungu. Kurani alihitimu chuoni, na sauti yake ya kusoma ilikuwa nzuri, lakini barua za nyumbani zilikuja kwa herufi hizi tunazotumia sasa, kwa sababu mjomba wake alimtumia karani wa sokoni kumwandikia. Basi kila barua ilipofika ilikuwa ni kazi yangu. Yeye alitawadha kwanza, kama mtu anayekwenda kusali, akakaa mkabala nami, nikasoma mara mbili. Kisha nilimrudishia, akaitia katika mkebe wa biskuti aliouweka karibu na mto wake.

Ile barua ya Januari ilikuja kwa jina lake kama nyingine zote, lakini ndani mjomba alikuwa ameniandikia mimi. Alisema kwamba dada yake amefariki baada ya homa ya siku tatu, wamemzika vizuri, na kwamba mtoto asiambiwe. "Yuko ugenini, hana wa kumshika mkono," aliandika. "Akirudi atajua. Nakuomba wewe uliyesoma, umfichie." Mnaijua desturi hiyo. Sisi watu wa pwani tumezoea kutompelekea msafiri habari ya msiba. Tunaona ni huruma, na mara nyingi imekuwa huruma kweli. Nilisoma hadi mwisho kimya, na mwenzangu akaniuliza mbona leo nasoma kimoyomoyo. Nikakohoa. Nikasema mwandiko ni mbaya. Kisha nikaanza kumsomea barua ambayo haikuwapo: mama hajambo, miguu inamsumbua kidogo, anakusalimu sana. Nilipomaliza nilimrudishia karatasi, naye akaikunja na kuiweka katika mkebe. Habari ya kifo cha mama yake ililala kando ya kichwa chake kuanzia siku ile.

Sitajificha nyuma ya mjomba. Mjomba aliniomba ninyamaze, hakuniomba nitunge. Mimi nilitunga. Kila baada ya mwezi na ushei barua ilipokuja, mjomba akiniuliza kijana anaendeleaje, nami nikimsomea mwenzangu maneno ya mama aliye kaburini. Nilimpa mama yule mizaha. Nilitunga habari ya mbuzi wa jirani aliyekula ukili wa mkeka wake, na mama akamfukuza mpaka kwenye kivuko akiwa amesahau kwamba miguu inamuuma. Mwenzangu alicheka mpaka akalala chali, akanitaka niirudie. Nilijiona nina kipaji. Watu hunisifu leo kwamba kalamu yangu inajua kuwafanya wasomaji waone. Nilijifunzia hapo, kwa uongo, juu ya mama wa mtu.

Mwezi wa Juni kasisi wa jeshi aliingia jikoni kwetu wakati wa kuosha vyombo. Alimwendea askari mmoja kijana, akavua kofia, akamwambia palepale katikati ya mvuke kwamba baba yake amefariki jana. Kijana alishika ukingo wa sinki. Sajenti wetu alimkumbatia, na kabla ya jua kuchwa kijana alikuwa ameshapandishwa ndege ya kwao. Mimi niliudhika. Nilimwambia mwenzangu kwamba hawa watu hawana haya, mtu anaambiwa kifo cha mzazi wake kama anaambiwa zamu yake imebadilika. Alikuwa akikanda unga. Akasema, "Afadhali yake, Karani. Amejua pamoja na wenziwe. Anakwenda kulia mahali pake." Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, na sikupita. Nilimjibu kwamba unga wake umezidi maji.

Kosa lililo kubwa kuliko yote lilikuja mwezi uliofuata. Tulipata habari kwamba iko meli itakayoondoka mwisho wa mwezi kwenda Mombasa na Tanga, na wanamtaka mpishi. Mwenzangu alikuja kuniuliza: arudi akamwone mama, au akae mwaka mmoja zaidi ajifunze keki? Alitaka nimwandikie mama kumuuliza. Kama ningelimwambia panda meli, angelifika Pangani, wazee wangelimkalisha chini, wakamwambia kama desturi inavyotaka, na mimi ningelikuwa nimetimiza nilichoombwa. Lakini niliutazama ule mji wa watu wengine, nikayafikiria majira yake ya baridi bila yeye, nikaogopa. Nilijifanya nimeandika, nikangoja siku za barua kwenda na kurudi, na barua ya mjomba ilipofika nikamsomea jibu la mama: "Kaa, mwanangu, umalize ulichoanza. Mimi nipo." Akasema mama akishasema basi. Meli ikaondoka na mpishi mwingine.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi kumi na minne. Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa Machi, napiga pasi mashati yetu, mwenzangu akaingia na mkebe wake chini ya kwapa na uso wa mtu aliyeficha zawadi.

"Karani, kaa," alisema. "Leo nakusomea mimi."

Nikacheka. Akanieleza kwamba majira yote ya baridi, zile jioni aliponiambia ana zamu ya hamira, alikuwa kwa yule mwalimu akifundishwa kusoma kwa vitabu vya watoto wa shule. Kiingereza kilimtesa, kwani kinaandikwa hivi na kusomwa vile. Lakini siku moja alijaribu kuliunganisha neno la kwetu, likafunguka lenyewe kama mlango usio na komeo, na la pili, na la tatu. Alitaka kumwandikia mama barua kwa mkono wake mwenyewe. Tayari ameandika, ukurasa mmoja. Aliutoa mfukoni akanionyesha herufi kubwa zilizolala upande. Mpaka siku ile alikuwa hajaigusa barua yoyote ya nyumbani. Alikuwa akiningoja mimi niwepo.

Nilimwambia aanze na gazeti. Akasema gazeti la nini, yeye anasoma habari za mama. Akachukua barua ya juu kabisa, iliyokuja wiki ile ile, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma silabi kwa silabi. "Kwa-ko Ka-ra-ni we-tu." Akainua macho. "Mbona mjomba anakuandikia wewe?" Nikamwambia lete nikusomee. Aliivuta kwake, akaendelea. Tumesoma hitima ya mwaka. Ya marehemu. Dada yangu. Kidole kilisimama hapo. Aliisoma tena kuanzia mwanzo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayedhani kosa ni lake kwa kuwa bado ni mwanafunzi.

"Mjomba ana dada mmoja," alisema.

Shati liliungua chini ya pasi, ndipo nikakumbuka kuinyanyua. Yeye alimimina mkebe wote kitandani, akasoma barua moja baada ya nyingine kurudi nyuma, kidole chini ya mstari, bila kuruka neno, mpaka akaifikia ile ya Januari. Ilimchukua hadi alasiri. Nilisimama muda wote huo. Alipomaliza aliuliza, "Na yule mbuzi aliyekula ukili?" Nikasema nilitunga. Akatikisa kichwa taratibu. "Nilicheka sana siku ile," alisema. Halafu akasema maneno ambayo nimeamka nayo asubuhi nyingi za maisha yangu: "Miezi kumi na minne, kila sala, namwombea mama miguu ipone. Anahitaji nimwombee rehema, mimi namwombea miguu. Ana mtoto mmoja tu, Karani. Nani mwingine alikuwa wa kumwombea?"

Nilimweleza habari ya mjomba na desturi. Alisema mjomba anamjua, na desturi anaijua. Kisha akauliza kuhusu meli ya Julai, nani aliyesema akae. Nikamwambia ni mimi. Hakupiga kelele. Alikusanya barua, akaweka ile yake ya ukurasa mmoja juu, akafunga mkebe, akaenda kutawadha. Usiku ule alihamia chumba cha wapishi wengine, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amepata meli. Yule mwalimu alinipita jikoni bila salamu. Sidhani kama alinichukia, nadhani hakujua aniambie nini.

Mimi nilirudi miaka miwili baadaye, nikapata kazi ya ukarani katika shamba la mkonge huko Korogwe. Yeye alikuwa amejenga tanuri Usagara, na mji mzima unanukia mdalasini alfajiri. Watu walimjua kwa mikate, lakini walimjua kwa jambo jingine pia. Nyumba yoyote iliyofiwa, ikiwa ina mtoto mbali, alikwenda na mfuko wa mikate, akakaa na wazee, akawauliza kwa adabu: mtoto ameshaambiwa? Wakimjibu atajua akirudi, hakugombana. Aliendelea kukaa tu. Zamani alikaa mpaka mtu akatumwa posta, na miaka hii alikaa mpaka mtu akatoa simu. Wako watu wa Maskati na wa Ulaya, wana mvi sasa, ambao waliwalilia wazazi wao siku ile ile kwa sababu ya mikate ile.

Nami ni mmoja wao. Mama yangu alipofariki hapa Tanga, ndugu zangu waliafikiana kunipelekea neno kwamba mama anaumwa, njoo. Kabla neno lao halijatoka, simu ya maandishi ilinifikia kazini Korogwe: "Mama amefariki alfajiri. Tunazika saa kumi. Tunakusubiri." Aliyelipa pale posta alikuwa yeye. Nilifika, nikateremka kaburini kumpokea mama yangu kwa mikono yangu. Baada ya siku tatu nilikwenda tanurini kumshukuru. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. "Sikukufanyia wewe," aliniambia. "Nimemfanyia mama yako. Amepata dua ya mwanawe siku yake." Akarudi kwenye mikate.

Siitukani desturi yetu. Walioianzisha walikuwa na watoto ambao barua iliwafikia baada ya miezi sita, peke yao, kwenye nchi zisizo na mtu wa kuwapa pole. Waliona wanapunguza machungu. Lakini nimeishi nikaona kwamba anayeficha msiba wa mtu, hata kwa huruma, amechukua kitu kisicho chake, na akikaa nacho muda mrefu huanza kukitumia kwa haja zake mwenyewe, kama nilivyofanya mimi. Msiba una mwenyewe. Mwambieni siku ile ile, mlie naye kwenye simu, mumwache aombe dua iliyo sahihi. Marehemu aliijua hukumu hii bila kuandika hata mstari mmoja gazetini.

Mimi kukaa kimya kulinipa miezi kumi na minne ya mtu wa kuzungumza naye katika baridi. Baadaye nilihamia mji huu huu, na tuliishi humu zaidi ya miaka hamsini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kila nilipomsalimu aliitika. Hakuwahi kunikaribisha kukaa. Sikuingia nyumbani kwake, sikula naye tena, watoto wake hawanijui, na wiki iliyopita pale makaburini hakuna aliyeona sababu ya kunipa mimi mkono wa pole. Katika umri wangu wote nilikuwa na rafiki mmoja niliyempenda kama ndugu wa tumbo moja, nikampoteza nikiwa na miaka ishirini na minne, na sikumpata mwingine.